Video moja, mshipa mmoja: mimi nimempa 15/20, mwenzangu 8/20. Tushone uzi huu pamoja

#1 Sindano_Bkv (Bukavu)
Jambo wote. Kila Jumamosi tunafanya mazoezi ya kuunga mishipa midogo, kwenye kachumba kalikoko nyuma ya bloki, chumba cha upasuaji. Mikroskopi ni moja, ya zamani, mguu wake mmoja tumeukaza kwa plasta. Nyama ya mazoezi ni paja la kuku. Asistanti wangu wa mwaka wa tatu, daktari anayejifunza upasuaji, ameunga ateri ya paja kwa uzi wa 10-0, ule mwembamba sana, mishono minane, dakika 34. Nikapitisha serumu, yaani maji ya chumvi, yenye rangi ya buluu. Ikapita. Tone moja likavuja pembeni, nikalibonyeza kwa pamba, likakoma. Nikampa 15/20.

Video nikaituma kwa mwenzangu wa Goma. Huyu tunakubaliana karibu kila kitu, hata timu ya mpira. Yeye kampa 8. Nane! Kwetu nane ni kurudia.

Sasa nauliza: mmoja wetu ni kipofu, au hiki tunachokiita kupima ni kubahatisha tu tukiwa tumevaa koti jeupe? Nani ana njia anayoitumia kweli, siyo ile ya kwenye karatasi?

#2 Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Kabla ya yote: hao kuku wanaliwa na nani baadaye?

#3 Volkano_Polepole (Goma)
Yule wa nane ni mimi, acha nijitetee. Dakika ya 11 anashika ukuta wa mshipa kwa pensi, ncha moja imezama ndani kabisa, anaifinya intima, ile ngozi ya ndani ya mshipa. Dakika ya 19 amerudia. Kuku hajali, ameshakufa. Lakini kwa mtu, pale ulipofinya ndipo damu inapoanza kuganda. Mshipa unashikwa kwa adventisia, ile nyama laini ya nje, basi. Hilo ni somo la siku ya kwanza.

Halafu 15 ndugu yangu? Umesahau tulivyosoma? Ishirini ni ya Mungu, kumi na tisa ya mwalimu, wanafunzi wagawane kinachobaki.

#4 Dar_Mpoa (Dar es Salaam)
Samahani wakubwa, "pensi imezama ndani ya mshipa"? Huku kwetu pensi ni kaptula. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu nikitafuta mgonjwa kavaa nini.

#5 Volkano_Polepole (Goma)
@Dar_Mpoa ni kale kakoleo kadogo ka kushikia. Sisi tumelichukua kwa Wafaransa na Wabelgiji, ninyi kaptula yenu mmeipata wapi sijui.

#6 MwanaKatanga (Lubumbashi)
Mimi naona hamjagombana, kila mmoja amepima kitu chake. Sindano kapima mshipa, Volkano kapima mkono.

Kupima mkono kuna historia ndefu. Toronto, mwaka 1997, walitoa kipimo kinachoitwa OSATS, vipengele saba, kila kimoja pointi moja hadi tano: jinsi anavyoheshimu nyama, anavyotumia muda na mijongeo, anavyoshika vyombo, kama anajua hatua inayofuata, na kadhalika. Wengi wamekichukua wakakigeuza kifae kwenye mikroskopi. Uzuri wake, mtu mzoefu anaona haraka nani ni nani. Ubaya wake, "anaheshimu nyama" yangu siyo "anaheshimu nyama" yako.

Kupima mshipa ni habari nyingine. Mwanafunzi akimaliza, hamwangalii yeye tena. Mnachukua mshipa, mnaupasua kwa urefu, mnaulaza wazi kama samaki wa kukausha, mnapiga picha upande wa ndani. Kisha mnahesabu makosa. Kiko kipimo cha namna hiyo kinaitwa ALI, kina makosa kumi: mdomo wa mshipa kuachana, mshono uliodaka ukuta wa nyuma, mshono wa mshazari, mshono ulioshika nyama nyingi hadi ukingo unakunjika ndani, ulioshika nusu ya unene tu, nafasi zisizolingana, ukuta kuchanika, fundo lililonyonga nyama, uzi uliobaki ndani ya njia ya damu, na kingo kupandana. Hapo hakuna "mimi naona". Uzi uko ndani au hauko.

Sindano, mshipa huo bado unao?

#7 Sindano_Bkv (Bukavu)
Aksanti Katanga. Uko kwenye chupa ya alkoholi, juu ya dirisha. Sikuwaza kuupasua. Serumu ilipita, nikafurahi, nikaenda nyumbani.

#8 Mama_Vikwembe (Bukavu)
Mimi si daktari, nimeingia kwa sababu ya neno kushona. Nina cherehani tatu na wasichana wanne ninaowafundisha. Msichana akiniletea kabaya ya kikwembe amesema imeisha, siitazami upande wa mbele. Naigeuza ndani. Mbele hata mwizi anaweza kushona. Hiyo serumu yenu ya buluu ni kama mteja anayejitazama kwenye kioo siku ya kwanza. Anapendeza. Mngoje baada ya kufua mara mbili.

#9 Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Mama kawapiga wote na hajashika hata kisu.

Ila nilisikia yule daktari wa kwanza aliyepata Nobel kwa kushona mishipa, Jacobson, alifundishwa na mama yake mzazi kufuma. Na alikuwa anatumia mikroskopi tangu wakati huo.

#10 MwanaKatanga (Lubumbashi)
@Kadutu_Kwetu umechanganya watu wawili na miaka karibu sitini. Aliyepata Nobel ni Alexis Carrel, mwaka 1912. Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu huko Lyon, akafa kwa kuvuja damu kwa sababu hakuna aliyeweza kuushona mshipa mkubwa uliokatika tumboni. Carrel alikuwa kijana wa udaktari mjini humo humo, likamuuma. Akaenda kwa mwanamke fundi wa kudarizi, siyo mama yake, akajifunza kutumia sindano nyembamba na uzi laini. Mwaka 1902 akatoa njia yake: mishono mitatu ya kushikilia, unavuta, duara linakuwa pembetatu, unashona upande mmoja mmoja bila kudaka ukuta wa nyuma. Mikroskopi hakutumia. Hiyo ilikuja na Jacobson na mwenzake Suarez kule Vermont, Marekani, mwaka 1960. Miaka mitano baadaye, 1965, Wajapani wa Nara wakarudisha kidole gumba kilichokatika kabisa.

Carrel huyo huyo baadaye aliandika mambo mabaya sana kuhusu watu "wasiofaa kuzaa". Mkono mzuri, kichwa kingine.

#11 Mama_Vikwembe (Bukavu)
Kwa hiyo fundi wa kudarizi alimfundisha, Nobel akachukua yeye. Sawa. Naendelea kusoma.

#12 Hesabu_Tu (Lubumbashi)
Swali moja tu kwa Volkano: video ilikufikia kwa njia gani, na uliitazama wapi?

#13 Volkano_Polepole (Goma)
WhatsApp. Kwenye simu.

#14 Hesabu_Tu (Lubumbashi)
Wapi?

#15 Volkano_Polepole (Goma)
Kwenye kanoti, natoka Bukavu kurudi Goma. Kulikuwa na jua.

#16 Sindano_Bkv (Bukavu)
JAMANI. Unamnyima mtoto wa watu pointi saba ukiwa katikati ya ziwa, mawimbi yanakurusha, uzi wenyewe una unene wa theluthi ya unywele!

#17 Volkano_Polepole (Goma)
Kufinya intima kunaonekana hata kwenye mawimbi. Nyumbani niliitazama tena. Nikabaki kwenye nane.

#18 Hesabu_Tu (Lubumbashi)
Ukishatoa nane, kutazama tena ni kuitafutia ushahidi. Lakini tuseme video ilikuwa safi. Bado hatujui tofauti yenu ni ya aina gani, na aina ziko mbili.

Ya kwanza: Volkano ni bahili kwa kila mtu. Mkipewa video kumi, kila mara atakuwa chini yako kwa sita au saba, ila mpangilio wa wanafunzi ni ule ule, wa kwanza wako ni wa kwanza wake. Hiyo siyo hatari sana. Mnakubaliana tu mstari wa kufaulu uko wapi.

Ya pili: mnapishana ovyo. Wa kwanza wako ni wa saba wake. Hapo pointi zenu zinawaeleza ninyi, mwanafunzi hayumo.

Video moja haitawaambia ni ipi. Na msinipelekee ile hesabu ya "alama zetu zinapanda pamoja" mkadhani mmekubaliana. Bahili na mkarimu wanaweza kupanda pamoja kabisa na bado mmoja anaangusha darasa zima.

#19 MamaWaBloki (Bukavu)
Nimekuwa bloki miaka kumi na tisa, napanga vyombo, naona kila kitu. Niwaambie msichokisema.

Dokta Sindano alikuwa amekaa pembeni ya kijana. Kijana alifika saa moja asubuhi, akashona glavu kwanza kujipasha mkono. Dokta aliona jasho. Hizo pointi 15, tatu ni za jasho. Siyo ubaya, ni binadamu.

Halafu ile mikroskopi. Dokta ana uso mpana, kijana ana uso mwembamba. Hakuna aliyerekebisha nafasi kati ya macho mawili, kijana alifanya kazi nusu nzima akiwa amefumba jicho la kushoto. Ukifumba jicho moja kina kinapotea. Ndiyo maana pensi iliingia ndani kupita kiasi, hakuona ncha iko wapi. Mnampima mkono wakati tatizo ni kiti na macho.

Tena umeme ulikatika katikati. Dakika 34 hizo, tano au sita zilikuwa za kungoja jenereta. Kwenye video zimekatwa, kwenye saa ya dokta hazikukatwa.

#20 Sindano_Bkv (Bukavu)
Mama, mbona hukuniambia habari ya jicho siku ile?

#21 MamaWaBloki (Bukavu)
Hukuuliza. Ulikuwa unasema "vizuri sana, vizuri sana".

#22 Dar_Mpoa (Dar es Salaam)
Huyu mama apewe yeye karatasi ya alama.

Kuhusu muda: mimi siamini dakika hata kidogo. Niliwahi kuwa na mwenzangu mafunzoni, mwepesi kama mchuuzi wa karanga, anamaliza wakati wengine bado wanasafisha kingo. Mishipa yake ilikuwa inaziba. Hapa wengine watasema haraka ni dalili ya ustadi, na kweli mtu akikomaa dakika zinapungua zenyewe. Lakini ukimwambia mwanafunzi dakika zina pointi, atakimbiza dakika.

#23 MwanaKatanga (Lubumbashi)
@Dar_Mpoa nusu nakubali. Siyo dakika zote ni sawa. Mtu anayetumia dakika tano kusafisha adventisia na kulinganisha midomo miwili kabla ya mshono wa kwanza anaokoa ishirini baadaye. Anayetumia dakika tano kutafuta sindano aliyoiangusha ni mwingine. Wengine wanaacha saa kabisa, wanahesabu mijongeo ya mkono kwa vihisi vilivyofungwa vidoleni. Mzoefu anafika na mijongeo michache. Sisi vihisi hatuna. Naangalia tu mara ngapi mtu anaishika sindano upya kabla ya kuipitisha. Mara moja au mbili, sawa. Mara sita, bado hajajua anataka iingie wapi.

#24 Glavu_Mbili (Bukavu)
Shikamooni wakubwa zangu. Asistanti mwenyewe ni mimi. Nimesoma uzi wote. Jasho ni kweli. Jicho ni kweli. Ile ya dakika ya 11 ni kweli. Ya dakika ya 19 si kweli, pale nilikuwa namwagia serumu yenye heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na ncha iliingia kufungua mdomo wa mshipa tu, sikufinya. Dokta Volkano atazame mshono wa tano, asisimamishe pale pale.

Na kahawa sikunywa. Naona hakuna aliyesema kahawa lakini najua itakuja.

#25 Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Kahawa je?

#26 Dar_Mpoa (Dar es Salaam)
Mimi nisipokunywa ndiyo natetemeka. Mwambieni aegemeze mkono mpaka upande wa kidole kidogo, kazi ibaki kwenye vidole vitatu. Kutetemeka kunatoka begani zaidi kuliko kwenye kikombe.

#27 Volkano_Polepole (Goma)
@Glavu_Mbili karibu, kijana. Nimetazama ya 19. Inawezekana. Nakupa tisa.

#28 Sindano_Bkv (Bukavu)
Nimerudi. Nimeupasua mshipa. Nimeulaza kwenye kadi nyeusi ili uzi uonekane.

Ukuta wa nyuma haukudakwa hata mara moja, hapo nilipumua. Lakini mkia mmoja wa uzi umelala ndani. Mshono wa sita umekwenda mshazari. Kati ya wa sita na wa saba kuna nafasi pana, nadhani ndipo tone lilipotoka. Mshono mmoja umeshika nyama nyingi, ukingo umejikunja ndani kidogo. Nilimfundisha mwenyewe: kutoka ukingoni usizidi unene wa ukuta mara moja au mbili kwa ateri, kwenye vena unaweza kuongeza kidogo. Hapo alikwenda kama mara nne.

Makosa manne. Na serumu ilipita kama mto Ruzizi.

#29 Mama_Vikwembe (Bukavu)
Mlinisikia.

#30 Volkano_Polepole (Goma)
Ndiyo maana nawaambia maji si damu. Maji hayana kinachoganda. Mkia wa uzi ndani, ukingo uliokunjika, intima iliyofinywa, kwa mtu aliye hai vyote vinakusanya chembe za damu, na mara nyingi nusu saa ya kwanza ndiyo inasema. Mnafungua klempu, kile kibanio cha mshipa, damu inapita, mnapongezana, mnaanza kufunga ngozi, dakika ishirini baadaye kidole ni cheupe. Ndiyo maana walioendelea wanahamia kwa panya wa maabara aliyelazwa usingizi. Ateri ya paja lake ni kama milimita moja, ina damu, inajikaza ikiguswa vibaya. Unaunga, unangoja, kisha unajaribu: pensi mbili mbele ya mshono, unakamua damu katikati, unaachia ile ya karibu na mshono, unaona kama inajaa.

#31 MwanaKatanga (Lubumbashi)
Na jaribio hilo lenyewe ukilifanya kwa nguvu unajeruhi mshipa uliokuwa mzima. Polepole, na lisirudiwe kila dakika ili kujifurahisha.

Lakini siendi na wewe hadi mwisho. Nimeona mishipa yenye kosa moja au mawili inabaki wazi, na ile mizuri kama picha ya kitabu inaziba kwa sababu mgonjwa alikuwa amepoa, presha imeshuka, au mshipa wenyewe ulikuwa umepondwa na mashine ya kusaga, na aliyeunga hakukata hadi kufika kwenye nyama nzima. Ukimpima mwanafunzi kwa panya kuziba au kutoziba unampima na panya pia. Kuku ana faida moja: amenyamaza, kwa hiyo kosa ni la mwanafunzi.

#32 Hesabu_Tu (Lubumbashi)
Makosa manne yanageuka kuwa ngapi juu ya 20? Mkia wa uzi na nafasi isiyolingana vina uzito mmoja? Kudaka ukuta wa nyuma mara moja kunaua mshipa, mishazari miwili pengine haiui kitu. Mkihesabu tu mnavipa vyote shilingi moja.

Napendekeza hivi. MamaWaBloki akusanye mishipa sita, aipasue, apige picha, aipe namba bila majina. Awemo asistanti, wawemo wengine, na @Sindano_Bkv ashone mmoja wake mwenyewe. Wakubwa wawili watoe pointi bila kujua ni wa nani. Mama, nikuandikie pembeni kitu kimoja zaidi.

#33 Sindano_Bkv (Bukavu)
Sina hofu. Jumamosi.

#34 Kadutu_Kwetu (Bukavu)
Swali langu la #2 bado halijajibiwa na sasa kuku wameongezeka.

#35 MamaWaBloki (Bukavu)
Majibu, baada ya siku tisa. Picha zote mmepata wawili, hakuna aliyezungumza na mwenzake, nimewauliza.

Mshipa wa Glavu_Mbili, mpya, tulirekebisha mikroskopi kwa macho yake: Sindano 12, Volkano 11.

Mshipa wa dokta Sindano mwenyewe: Volkano 13. Sindano, bila kujua ni wake, amejipa 9 na ameandika pembeni "huyu ana haraka, arudi kwenye glavu".

#36 Dar_Mpoa (Dar es Salaam)
Nimeamka nimesimama 😂😂

#37 Sindano_Bkv (Bukavu)
Siku hiyo nilikuwa nimeitwa zamu usiku. Na taa ilikuwa inacheza.

#38 Glavu_Mbili (Bukavu)
Mimi nanyamaza.

#39 MamaWaBloki (Bukavu)
Sijamaliza. Hesabu_Tu aliniambia nitie picha moja mara mbili, namba mbili tofauti, nimeizungusha kidogo. Picha namba 2 na picha namba 5 ni mshipa mmoja. Sindano kaipa 10 na 11. Volkano kaipa 8 na 13.

#40 Hesabu_Tu (Lubumbashi)
Pointi tano mtu na nafsi yake.

#41 Volkano_Polepole (Goma)
Ya 2 nilitazama baada ya ya 1, na ya 1 ilikuwa nzuri sana, lazima ya pili ionekane mbaya. Ya 5 ilifuata ile ya 4 ambayo ukuta wote umedakwa. Yeyote angefanya hivyo. Na kuzungusha kumebadilisha mwanga.

#42 MwanaKatanga (Lubumbashi)
Hiyo ya mpangilio ni hoja kweli, sikumcheka. Ila mwanga sijui.

#43 Mama_Vikwembe (Bukavu)
Kwangu msichana anatoka kwenye kufunza siku naacha kugeuza nguo yake. Siku yenyewe siijui kabla. Naona tu wiki imepita sijageuza.

#44 Hesabu_Tu (Lubumbashi)
Na ile kabaya moja mbaya uliyoacha kugeuza wiki hiyo, mama?

#45 Mama_Vikwembe (Bukavu)
Ilirudi. Mteja alikuwa mke wa pasta.

#46 Glavu_Mbili (Bukavu)
Aksanti kwa wote. Dokta Sindano, fomu ya mwisho wa mwezi inataka namba moja juu ya 20. Ninaandika ipi? 15, 8 ya kanoti, 9, 12 au 11?

#47 Sindano_Bkv (Bukavu)
Usiandike kitu. Jumamosi njoo na paja mbili, moja yako moja yangu. Mama atakaa katikati yetu.

#48 MamaWaBloki (Bukavu)
Na @Kadutu_Kwetu: ile sehemu isiyoguswa na rangi wala dawa ilikuwa inakwenda kwa mbwa wa mlinzi. Mwezi huu mbwa amekataa.